Upelelezi haujakamilika

Kaa mahakama ya hakimu mkazi asubuhi moja tu, utausikia wimbo huu. Wakili wa Serikali anasimama: shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika tarehe, siku 14 mbele. Mshtakiwa anarudishwa rumande. Siku aliposomewa mashtaka aliambiwa asijibu chochote, maana mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake.

Ugomvi wangu hauko kwenye hizo siku 14. Uko kwenye kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, kile cha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha (kuficha chanzo cha fedha haramu) na mengineyo. Lakini Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Tazama kinavyofanya kazi. Mtu anadaiwa kughushi nyaraka, dhamana ipo. Ongeza shtaka la utakatishaji fedha kwenye hati ya mashtaka, mlango umefungwa, na aliyeufunga si hakimu bali aliyeandika hati. Hakimu hapati hata nafasi ya kuuliza: huyu ana makazi ya kudumu? Atatoroka? Atavuruga mashahidi? Wapo wasiostahili kuachiwa, sibishi. Aliyepora watu kwa bunduki asingeachiwa kirahisi hata kama hakimu angeachiwa uamuzi. Ninachodai ni kwamba maswali hayo yaulizwe, na aulizwe kila mshtakiwa kwa mazingira yake.

Mei 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, aliyekipinga kifungu hicho mahakamani, Mahakama Kuu ilikubali kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, ikaipa Serikali miezi 18 kukirekebisha. Furaha yetu haikufika mbali. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Nawaheshimu majaji wale, lakini hapa wamenishinda kuwaelewa, hasa nikikumbuka kuwa mahakama hiyohiyo, katika shauri la Daudi Pete mwaka 1991, iliwahi kubatilisha sehemu ya kifungu hikihiki. Na mwaka 1991 hatukuwa na utitiri wa mashtaka ya utakatishaji fedha.

Watetezi wa kifungu husema kinalinda usalama wa jamii. Basi nielezeni kuhusu viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar. Walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa mahabusu mwaka hadi mwaka, na Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akawafutia kesi. Kama walikuwa hatari kiasi hicho, mbona waliachiwa? Kama hawakuwa, ile miaka nani anawarudishia? Wala kufutiwa kesi namna ile si kushinda. Kwa sheria ya wakati ule, aliyefutiwa kesi hivyo aliweza kukamatwa tena mlangoni mwa mahakama na kusomewa mashtaka yaleyale.