Kioo Kilivyonijibu

Nilishauriwa niongee na kioo. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, nijitazame machoni na kutamka: "Mimi ni mtu wa maana, naweza." Siku ya kwanza nilitamka kwa sauti ya mtu anayeomba kuongezewa muda wa kulipa deni. Siku ya nne binti yangu wa miaka tisa akapita mlangoni, akasimama. "Baba, unaongea na nani?"

"Na kioo."

"Kinasemaje?"

Nikakosa la kumwambia. Jibu lilikuja Jumapili, saa mbili na dakika ishirini asubuhi.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1890 aliandika kujithamini kama hesabu ya sehemu: mafanikio juu ya mstari, matarajio chini yake. Ukitaka jawabu likue, ongeza kiasi, yaani cha juu, au punguza asili, yaani cha chini. Mwenye akili zake angepunguza asili: angekaanga yai moja, akalila, akajipongeza. Mimi nilialika wageni wanane kwa kifungua kinywa, mama mkwe akiwemo, nikatangaza kwamba napika mwenyewe na mke wangu asikanyage jikoni.

Nilichagua mkate wa mayai wa kulaza usiku kucha. Kazi yote inaisha Jumamosi jioni, asubuhi ni kuoka tu. Kwa chombo cha sentimita 23 kwa 33 nilitia mkate gramu 450, mayai 8, maziwa mililita 600, jibini ya kukuna gramu 150, chumvi kijiko kimoja cha chai, uyoga na spinachi. Mkate uwe wa jana au juzi. Mpya una unyevu wake tayari, hauna hamu ya kunywa maziwa, na ukilala nayo unaamka uji. Kama huna mkuukuu, ukate vipande vya sentimita mbili tatu, uukaushe kwenye oveni kwa digrii 150 kama dakika kumi na tano. Uyoga na spinachi vikaangwe kwanza mpaka maji yaishe, la sivyo vitayatema usiku na asubuhi utakuta dimbwi chini.

Yote hayo niliyafanya, na ndiyo maana bado naumia. Nilipiga mayai na maziwa kwa uma, nikamimina, nikagandamiza kwa mgongo wa mwiko ili hata vipande vya juu vinywe, nikafunika, nikaingiza kwenye friji. Kabla ya kulala nilifungua friji mara tatu kukitazama. Mara ya tatu mke wangu akasema kutoka sebuleni, "Sasa na friji nayo mnaongea?"

Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa zuri kwa macho. Kila kitu nilikilaza kwenye bakuli la kioo, ili wageni waone matabaka.

Asubuhi niliwasha oveni digrii 180, nikasubiri iwe moto barabara, nikalitoa bakuli kwenye baridi ya digrii 4 na kulipeleka moja kwa moja juu ya waya za oveni. Nikafunga mlango. Nikashika kiuno.

Tap!

Haikuwa kishindo. Ilikuwa sauti ya kijiti kikavu kinachovunjwa chumba cha pili. Nikainama kuchungulia: ufa mmoja, umenyooka kama umechorwa kwa rula, kona hadi kona. Halafu ukapanuka, na mayai yangu manane yakaanza kushuka pole pole, bila haraka yoyote, kwenye chuma cha moto. Moshi ukafuata.

"Baba," binti akaita kutoka mezani, "kioo kimejibu."

Kioo hakisafirishi joto upesi. Upande uliokutana na moto unatanuka, upande ulioshika chakula baridi bado umejikunyata. Zinavutana, na kioo hakijui kunyumbulika. Hata kile cha kuokea kinastahimili joto, si kurushwa kutoka baridi hadi motoni. Ni afadhali trei ya chuma. Mchanganyiko unaokwa dakika 30 umefunikwa kwa foili, 15 hadi 20 bila foili, mpaka katikati pasitikisike na kipimajoto kisome digrii 71, kisha uache utulie dakika kumi kabla ya kukata. Hatua hizi za mwisho nazijua kwa kichwa tu. Sikuzifikia.

Nilizima oveni na kuuacha mlango umefungwa mpaka moshi ukatulia. Maji sikumwaga, maana kioo cha moto kikiguswa na maji kinamaliza kilichobaki. Na chakula chote kilikwenda kwenye taka, hata kile cha pembeni kilichoonekana salama. Kipande cha kioo ndani ya jibini hakionekani kwa macho.

Hapo ndipo mama mkwe alipobisha hodi. "Shikamoo, Mama, karibu," nilisema kutoka ndani ya wingu.

Nilibakiwa na mayai sita, maziwa na slaisi kumi na mbili. Mayai sita kwa maziwa mililita 360, chumvi kidogo, slaisi zikalowekwa kama nusu dakika kila upande, zikaenda kwenye kikaango. Mkono ukinitetemeka nikaongeza moto. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameulizwa, alisogea akaurudisha chini. "Punguza, mwanangu. Nje inaungua, ndani bado mbichi." Dakika tatu kila upande.

Mezani shemeji yangu, aliyesomea saikolojia na hajawahi kuificha, alinieleza huku anatafuna kwamba mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walionyesha kuwa watu wenye kujithamini kwa kiwango cha chini, wakijirudia maneno ya kujisifu, walijisikia vibaya kuliko ambao hawakujirudia. Naye Albert Bandura tangu 1977 alisema imani ya mtu katika uwezo wake inalishwa zaidi na jambo alilolitenda likafaulu.

"Na lililopasuka?"

"Hilo nalo alilitaja. Linabomoa, hasa likija mapema." Akachukua slaisi ya mwisho.

Jumatatu asubuhi nilitoka kuoga maji ya moto, mvuke umenijaa mwilini, nikasimama mbele ya kioo cha bafuni kilichokuwa baridi kama friji. Nikafungua mdomo. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili.