Kisiwa cha Man: zile pauni 70,000 alilipwa nani?

Kila kashfa ya kodi inapolipuka Ulaya, Kisiwa cha Man hakikosi kutajwa. Mwaka 2017, nyaraka zilizoitwa Paradise Papers zilionyesha kuwa wenye ndege binafsi zaidi ya 200 walizisajili kampuni zao kisiwani na kurudishiwa kodi ya VAT ya jumla ya pauni milioni 790 hivi. Kampuni nyingi huko hazilipi kodi ya mapato hata senti moja tangu 2006. Ndiyo maana wachambuzi wengi wanasema kujitawala kwa kisiwa hiki cha Wakelti ni jina zuri lililopewa uchochoro wa matajiri. Hoja hiyo ina uzito, na sisi tunaotoka nchi ambazo fedha zake hukimbilia visiwa vya aina hii tuna sababu ya kuisikiliza. Tatizo langu nayo ni kwamba inaisoma historia kuanzia mwisho.

Kwa ufupi: kisiwa kiko katikati ya Bahari ya Ireland, kina watu kama 84,000, na si sehemu ya dola ya Uingereza ingawa kiko chini ya mfalme wake. Hakina mbunge London. Bunge lake, Tynwald, ni urithi wa Wanorse, watu wa Skandinavia, waliotawala huko hadi 1266, na hadi leo hukutana juu ya kilima cha St John's kila mwaka, kwa kawaida Julai 5, sheria mpya zikatangazwa kwa Kimanx, lugha ya kisiwa, na Kiingereza. Wanorse walipoondoka, kisiwa kikapita mikononi mwa Waskoti na Waingereza, na mwaka 1405 mfalme Henry IV akakikabidhi kwa ukoo wa Stanley. Kutoka kwao kikarithiwa mwaka 1736 na Duke wa Atholl, mwanamwinyi wa Uskoti. Hawa walikuwa mabwana wa kisiwa, wenye haki ya kutoza ushuru wao wenyewe bandarini.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ushuru wa bwana wa Man ulikuwa mdogo kuliko wa London. Mfanyabiashara alishusha chai, brandi, ramu na tumbaku katika bandari ya Douglas, akalipa kilichotakiwa, akapewa stakabadhi. Hadi hapo hajavunja sheria yoyote. Kosa lilianza usiku, shehena hiyohiyo ilipopakiwa kwenye mashua na kushushwa kimyakimya pwani ya Uskoti, Ireland au Cumberland, kaskazini mwa Uingereza. London iliita yote hayo magendo. Kwa Wamanx, nusu ya kwanza ilikuwa biashara halali ya nchi yao.

Mwaka 1765 serikali ya George Grenville, yenye madeni ya Vita vya Miaka Saba, iliamua kuziba tundu hilo. Duke alilipwa pauni 70,000, pamoja na posho ya pauni 2,000 kwa mwaka, akauza enzi yake na haki ya forodha. Wakazi wakati huo walikuwa kama 20,000, kwa hiyo kila kichwa kilikuwa na thamani ya pauni tatu na nusu. Ni nani aliyezipokea? Duke na mkewe. Wajumbe 24 wa Baraza la Keys, yaani upande wa Tynwald uliodai kusema kwa niaba ya wananchi, hawakuwa sehemu ya mapatano. Ilikuwa kama shamba la ukoo linapouzwa na mtu mmoja mwenye hati, na wanaolilima wakapata habari siku mnunuzi anapokuja kuweka mipaka.

Na Duke hakuishia hapo. Alibaki na ardhi, migodi na haki ya kuteua askofu. Mwanawe aliyerithi cheo alilalamika miaka mingi kwamba familia ilipunjwa, na mwaka 1805 Bunge la London likamwongezea robo ya mapato ya forodha ya kisiwa. Hatimaye, kufikia 1829, haki zote zilizobaki zilinunuliwa kwa pauni 417,144. Nimezitazama hesabu hizi mara nyingi nikitafuta mstari unaoonyesha fidia kwa wavuvi au kwa miji ya Douglas, Peel, Ramsey na Castletown iliyokuwa ikiishi kwa bandari. Sijauona. Familia ile ililipwa mara tatu kwa kitu ambacho wengine walikipoteza mara moja.

Walikipoteza vipi? Ushuru uliokusanywa kisiwani baada ya 1765 ulikwenda hazina ya London, na kilichorudi kwa ajili ya bandari kilikuwa kidogo mno. Gati la Douglas liliharibiwa na dhoruba na likaachwa hivyo. Septemba 1787 mashua za wavuvi wa heringi zilikimbilia humo usiku wa upepo mkali, zikagonga mabaki ya gati na miamba, na wanaume wakafa wakiwa karibu na nyumbani. Mwandishi wa London anayesema 1765 ilikuwa mwisho wa pango la magendo, ni vizuri aeleze pia kwa nini forodha ya Douglas ilikuwa na fedha na gati la Douglas halina.

London nayo ina upande wake. Hazina ya nchi kubwa haiwezi kukaa ikitazama kisiwa kilicho karibu na pwani zake kikigeuzwa ghala la wakwepa ushuru. Tena maghala hayo hayakuwa na chai peke yake. Meli za Liverpool zilizokwenda kununua watu Afrika Magharibi zilichukua kisiwani shanga, vitambaa na bidhaa nyingine za kubadilishana, kwa sababu huko ziliwekwa bila ushuru mkubwa. Hugh Crow, nahodha aliyeongoza mojawapo ya safari za mwisho za biashara halali ya watumwa ya Uingereza mwaka 1807, alikuwa mzaliwa wa Ramsey. Anayekililia kisiwa cha kabla ya 1765 asilifiche hilo.

Wala Keys hawakuwa wawakilishi wa watu kwa maana tunayoijua leo. Kiti kilipokuwa wazi, wao wenyewe walipendekeza majina mawili na Gavana, mwakilishi wa mfalme, akachagua moja, mtu akakaa humo maisha yake yote. Mwaka 1864 walimtia jela James Brown, mhariri wa gazeti, kwa kuwakejeli, mpaka mahakama ya London ikaamuru aachiliwe, na baadaye akalipwa fidia. Bunge la miaka elfu lilimfunga mwandishi kwa mzaha. Bila shinikizo la nje sidhani kama lingejirekebisha haraka.

Lakini tazama lilivyorekebishwa. Mwaka 1866 Gavana Henry Loch alifanikisha mapatano: Keys wachaguliwe na wananchi, na ziada ya forodha ibaki kisiwani, baada ya kutoa pauni 10,000 kwa mwaka kwa London. Kura na forodha zilirudi pamoja. Magati yakajengwa, ufukwe wa Douglas ukapanuliwa, na kabla ya vita vya 1914 wageni zaidi ya 600,000 walikuwa wakishuka huko kwa msimu mmoja. Mwaka 1881, miaka 12 kabla ya New Zealand, wajane na wanawake wasioolewa wenye mali walipiga kura ya kuwachagua Keys. Wapangaji wanawake waliachwa nje, ingawa Keys walitaka waingie. Uhuru huohuo ulitumika pia kung'ang'ania viboko: Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilihukumu mwaka 1978 kwamba kumchapa kijana wa miaka 15 kulimdhalilisha, na adhabu hiyo haikufutwa rasmi kisiwani hadi 1993. Kujitawala hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Kwa hiyo ninapowasikia wanaosema London iingie tu na kuamuru, nakumbuka 1967. Tynwald ilikataa kupiga marufuku redio iliyorusha matangazo kutoka melini katika ghuba ya Ramsey, London ikapitisha sheria yake juu yao. Uwezo huo haujawahi kuondoka. Mwaka 2009 London ilibadilisha kanuni ya kugawana mapato ya VAT kati yake na kisiwa, na kisiwa kikapoteza zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Labda mgawo wa zamani ulikipendelea kisiwa kupita kiasi. Mimi naamini hivyo. Hata hivyo, hazina inayoweza kupunguzwa namna hiyo na jirani inakuwa na kila sababu ya kutafuta kampuni za ndege na za michezo ya kubahatisha ya mtandaoni.

Mwaka 2019 wabunge Margaret Hodge na Andrew Mitchell walitaka sheria ya kuvilazimisha visiwa vya Man, Jersey na Guernsey kufungua daftari la wamiliki halisi wa kampuni. Visiwa vikaahidi kufanya hivyo vyenyewe, na baada ya mahakama ya Umoja wa Ulaya kuamua Novemba 2022 kwamba daftari kama hilo lisiwe wazi kwa kila mtu, vikapunguza mwendo. Nataka daftari hilo lifunguliwe, na nadhani Wamanx wanachelewa kwa makusudi. Nataka pia lifunguliwe kwa kura ya Keys, na wapiga kura wa Douglas na Ramsey wawaulize wajumbe wao kwa majina nani analindwa na ukimya huo. Swali hilo mwaka 1765 hawakuwa na wa kumuuliza.