Mmisionari Ugenini Wakati wa Janga: Swali la Kwanza Si la Ushujaa

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 limekuwa janga la dunia, mashirika ya kimisionari yalilazimika kuamua kwa siku chache jambo ambalo kwa kawaida lingejadiliwa kwa miezi mingi: watumishi wao walioko ugenini wabaki au warudi makwao? Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wakati huo lilikuwa na wamisionari zaidi ya 60,000 duniani kote, liliwarejesha wengi wao katika nchi walikotoka, wakakaa karantini, kisha baadhi wakapangiwa utume mpya ndani ya nchi zao. Wengine, hasa mapadre na masista walioishi ugenini miaka mingi, walibaki walipokuwa. Katika mazungumzo yaliyofuata nilisikia mara nyingi kipimo kimoja tu, cha ushujaa: aliyebaki ana imani, aliyeondoka ameogopa. Kipimo hicho nakikataa kabisa, kwa sababu kinamfanya mmisionari kuwa ndiye mhusika mkuu wa habari na kuwasahau wenyeji waliompokea.

Naamini swali la kwanza ambalo mmisionari anapaswa kujiuliza wakati wa janga ni kama atawaambukiza wengine, ndipo afikirie kama yeye mwenyewe ataugua. Mwaka 1918 meli iliyoitwa Harmony, iliyokuwa ikihudumia vituo vya misheni ya Wamoravian katika pwani ya Labrador, eneo ambalo leo ni sehemu ya Kanada, ilifika katika vituo vya Hebron na Okak ikiwa na mahitaji ya wakazi, na pamoja na mahitaji hayo ikawapelekea Wainuit, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, homa kali ya mafua iliyokuwa ikienea duniani mwaka huo. Okak ilikuwa na wakazi wapatao 260. Zaidi ya 200 kati yao walikufa kwa muda mfupi, na mwaka uliofuata makazi yale yakaachwa. Hakuna aliyewatakia mabaya watu wale. Meli ile ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi ninapoitafakari habari hii, kwamba maafa yaliingia kupitia mlango ambao wenyeji walikuwa wamezoea kupokelea mema.

Wala hatari haiishii safarini. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki ya Yambuku, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walikabidhiwa kila asubuhi sindano tano tu za kuwahudumia wagonjwa wote, na baada ya kumdunga mmoja walizisuuza kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumdunga anayefuata. Miongoni mwa waliodungwa walikuwamo wajawazito waliofika kliniki. Kwa njia hiyo Ebola, ugonjwa ambao haukuwa hata na jina, ulisambaa kutoka mahali watu walipokimbilia kupata nafuu, ukaua wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo, wakiwamo masista waliotoka Ubelgiji. Siwahukumu masista wale. Walifanya kazi katika uhaba ambao wengi wetu hatujawahi kuujua, na walilipa kwa uhai wao. Hata hivyo, moyo wa kujitoa usioambatana na vifaa na maarifa unaweza kumdhuru yule yule unayetaka kumwokoa, na shirika linalotuma watu bila kuwapa vifaa hivyo haliwezi kujificha nyuma ya utakatifu wa waliotumwa.

Kwa sababu hiyo naunga mkono uamuzi wa jaji wa Brazil ambaye, mnamo Aprili 2020, aliwazuia wamisionari kuingia katika Bonde la Javari, kwenye msitu wa Amazon, wanakoishi jamii za wenyeji wa asili zisizochangamana na ulimwengu wa nje. Najua kwamba kwa mtu anayeamini kuwa ametumwa na Mungu, amri ya mahakama ya kumzuia ni chungu kuimeza. Lakini injili inaweza kusubiri, ilhali jamii ndogo isiyo na kinga ikishaangamizwa na ugonjwa hakuna wa kumrudia. Mashahidi wa Yehova, ambao kuhubiri nyumba kwa nyumba ni sehemu ya utambulisho wao, walisitisha kazi hiyo tangu Machi 2020 hadi Septemba 2022, wakaandika barua na kupiga simu, na sijaona kwamba imani yao ilipungua kwa kufanya hivyo.

Kwa wale ambao kubaki kwao kuna kazi halisi ya kufanya, suala linakuwa jingine, na hapa ndipo ninapoguswa zaidi na yaliyotokea Monrovia, Liberia, mwaka 2014. Ebola ilipoingia katika hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Yosefu, miongoni mwa walioambukizwa alikuwamo Padre Miguel Pajares, Mhispania mwenye umri wa miaka 75. Serikali ya Hispania ilituma ndege ya kijeshi ikamchukua pamoja na Sista Juliana Bonoha, aliyekuwa na uraia wa Hispania. Sista Chantal Pascaline kutoka Kongo na Sista Paciencia Melgar kutoka Guinea ya Ikweta, waliofanya kazi katika hospitali ile ile na kuugua ugonjwa ule ule, waliachwa. Sista Chantal alifariki Monrovia tarehe 9 Agosti; Padre Pajares akafariki Madrid siku tatu baadaye. Sista Paciencia akapona. Mwezi Septemba alisafiri hadi Madrid ili damu yake, iliyokwisha kujenga kinga, imsaidie Bruda Manuel García Viejo aliyeletwa akiwa mgonjwa kutoka Sierra Leone, lakini Bruda huyo akafariki kabla ya kuipata. Kinga hiyo ikatumika kumtibu muuguzi wa Kihispania aliyeambukizwa alipokuwa akimhudumia Bruda Manuel, na muuguzi huyo akapona.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanitoa machozi. Serikali kumwokoa raia wake si kosa. Kinachonitesa ni kwamba watu walioishi kama ndugu, wakisali pamoja na kuwauguza wagonjwa wale wale, walitenganishwa na pasipoti saa ile ambayo udugu wao ulihitajika kuliko wakati mwingine wowote, na kwamba yule aliyeachwa ndiye aliyevuka bahari kwenda kuwasaidia watu wa nchi iliyomwacha. Kama kuna fundisho la umisionari katika miaka hii, mimi nalipata kwa Sista Paciencia.

Waliorejeshwa makwao mwaka 2020 nao wasisahauliwe. Wengi walikuwa vijana walioondoka bila kuwaaga watu waliowahudumia, wakafika nyumbani wakijiona kama waliotoroka, na makanisa mengine yaliwapokea kwa maswali badala ya kuwapokea kwa subira. Kule walikokuwa wakihudumu, makatekista na wazee wa kanisa ndio walioendelea na kazi, kuanzia mazishi yenye waombolezaji wachache hadi kushika simu karibu na sikio la mgonjwa ili asikie sala ya familia yake.

Ni kwa ajili ya watu hao ninayataka mashirika ya kimisionari yaandike katika mikataba yao, kabla mlipuko mwingine haujatokea, ni nani atakayeondolewa kwa ndege, ni nani atakayepewa dawa na chanjo kwanza, na nani atailea familia ya mwenyeji atakayekufa akiwa kazini. Ikiwa uwezo uliopo ni wa kumwondoa mgeni peke yake, basi katekista na muuguzi mwenyeji wana haki ya kuambiwa hivyo siku wanayoanza kazi, ili waamue wenyewe kama wataikubali hatari hiyo.