Kasi haitoshi: ujumbe wa breki lazima uwahi

Wiki iliyopita, kwenye gereji moja pale Unga Limited, Arusha, vijana wawili walibishana juu ya jozi ya nyaya zilizosokotwa chini ya dashibodi ya gari la watalii. Mmoja alisema CAN, yaani mtandao huo wa nyaya unaopitisha ujumbe kati ya vifaa vya gari, umezeeka: Bosch waliutambulisha mwaka 1986, na mwisho wake ni megabiti 1 kwa sekunde. Wekeni Ethaneti, mtandao wa nyaya kama ule wa kompyuta za ofisini, ya megabiti 100, uchelewaji utaisha. Mwenzake alizima gari, akagusisha mita kwenye nyaya, ikasoma omu 60, kipimo cha kawaida cha CAN. "Nzima hii," akasema, akaendelea na kazi.

Hoja ya kasi ina uzito wake. Ujumbe wa CAN ya kawaida hubeba baiti 8 tu. Picha za kamera hazipiti hapo.

Ila ujumbe wa breki hausaidiwi na kasi ya wastani; lazima uwahi kila mara. Kwenye Ethaneti ya zamani, vifaa vikituma pamoja ujumbe hugongana, kila kimoja husubiri muda wa kubahatisha, na baada ya majaribio 16 ujumbe hutupwa. Swichi za leo, vifaa vinavyogawa ujumbe kwa kila waya, zimeondoa kugongana, lakini foleni imehamia mlangoni mwa swichi. Ndiyo maana mwaka 2015 Ethaneti yenyewe iliongezewa kanuni rasmi ya kufungua na kufunga milango hiyo kwa ratiba.

Kwenye CAN, vifaa viwili vikianza pamoja, chenye ujumbe wa namba ndogo hushinda, maana namba ya ujumbe ndiyo kipaumbele chake. Namba hutumwa biti kwa biti: kifaa kilichotuma 1 kikasikia 0 hunyamaza, na ujumbe wa mshindi haupotezi hata biti moja. Sasa piga hesabu. Ujumbe wa baiti 8 wenye namba ya biti 11 hauzidi biti 135. Kwa kilobiti 500 kwa sekunde, hizo ni mikrosekunde 270. Ujumbe wenye kipaumbele cha juu kabisa husubiri mmoja tu uliokwisha kuanza, kisha hupita: mikrosekunde 540, basi, mradi waya hauna hitilafu. Si wastani huo. Ni mwisho kabisa, na unaujua kabla hujawasha gari.

Ujumbe wa namba kubwa ndio wenye shida, maana unaweza kupitwa mara nyingi. Hesabu yake ni ngumu: ile ya mtafiti Tindell na wenzake ya mwaka 1994 ilitumika miaka mingi, hadi kasoro yake ilipoonyeshwa na kurekebishwa mwaka 2007. Hesabu hiyo iliyorekebishwa ikionyesha kwamba kuna ujumbe hauwahi, hapo nitamuunga mkono kijana wa Ethaneti.