Mfundisheni na mama pia

Wiki iliyopita hapa Malindi nilihudhuria mkutano wa kupinga ndoa za utotoni. Kila aliyesimama alisema yale yale: wasichana wapelekwe shule. Ni kweli, waende. Lakini mama zao walikuwa pale pale, wamekaa majamvini, na hakuna aliyewageukia. Nilitoka na hasira, na bado ninayo.

Binti wa miaka 15 huozwa nyumbani, na mama yake yupo. Namjua mama mmoja wa mtaa wa Muyeye aliyeletewa karatasi ya makubaliano ya mahari. Shemeji yake ndiye aliyemsomea, akayaruka aliyotaka kuyaruka, mama akatia dole gumba. Alijua mwanawe ni mdogo. Hakujua kwamba ile karatasi imemwongeza miaka mitatu ili ifike 18, umri unaotakiwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Na kitabu cha kliniki cha yule mtoto kilikuwa sandukuni mwake, kimefungwa kwa kipande cha leso, tarehe ya kuzaliwa imeandikwa na nesi! Angeweza kwenda nacho kwa chifu asubuhi ile ile. Miaka yote alikitunza bila kujua kingemfaa nini.

Watu hudhani mila hizi zinaishi midomoni mwa wazee tu. Siku hizi zinapita kwenye karatasi: cheti cha kuzaliwa, makubaliano ya mahari, hati ya shamba la marehemu mume. Asiyejua kusoma husomewa na yule yule atakayefaidika. Hapo ndipo mwanamke anapodhulumiwa, kisha tunaambiwa aliridhia.

Najua mtanijibu kwamba wapo waliosoma wanaooza mabinti zao. Wapo. Na mahari ikiwa ndiyo karo ya kaka zake, kujua kusoma hakuleti unga nyumbani. Nakubali, kwa shingo upande.

Ila msiniambie kwamba mwanamke kutosoma ndio upwani. Mwana Kupona, mshairi wa Pate kule Lamu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, kabla Mwingereza hajaitawala pwani hii.

Ninachotaka ni ngumbaru, masomo ya watu wazima, mitaani, kwa saa zinazowafaa akina mama: baada ya adhuhuri, vyombo vikishaoshwa. Masomo yaanze na kitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa na karatasi za kwa kadhi. Kila mama aijue namba 116, inayopigwa bure mtoto akiwa hatarini. Wawakilishi wa wadi wanaotugawia basari watenge na za daftari za mama zetu. Mwenye chumba cha madrasa Muyeye au Barani aniambie. Niko tayari kufundisha kuanzia wiki ijayo, bila malipo.