Walishinda tisa, wakafungwa mezani

Juzi ofisi ilitupeleka semina. Mnazijua: ukumbi wa hoteli, kiyoyozi cha kugandisha mifupa, chupa ndogo ya maji mbele ya kila mtu, na mwezeshaji anayetaka tuitikie "moto!" kila akisema "hamasa!". Kabla ya mapumziko ya chai akatuwekea ukutani picha ya zamani ya vijana wa Kimarekani wamevaa helmeti. Chuo Kikuu cha San Francisco, 1951, akasema. Walialikwa fainali, wakaambiwa wawaache wenzao wawili weusi, timu nzima ikakataa. "Hiyo ndiyo maana ya timu!" Makofi. Tukaenda kunywa chai.

Sambusa haikunipita vizuri. Mimi ule mpira wao wa kukumbatiana, futiboli ya Kimarekani, naufuatilia (najua, mtanisema), na kisa kile nakifahamu. Kila ninapokisikia kimepakwa sukari namna ile, damu inanichemka.

Kwanza, hakukuwa na fainali yoyote. Enzi hizo mpira wa vyuo Marekani uliishia kwenye michezo ya mwaka mpya: Orange Bowl Miami, Sugar Bowl New Orleans, Gator Bowl Jacksonville na mingineyo. Huingii kwa pointi. Unaalikwa. Na anayealika ni kamati ya waheshimiwa wa mji, watu wa biashara, wanakaa mezani na kuamua nani anafaa kuja mjini kwao. Sisi tuliokulia kwenye mpira wenye figisu tunajua vizuri kinachotokea watu wakishakaa mezani.

Vijana wa kocha Joe Kuharich walikuwa wamemaliza kazi yao uwanjani. Mechi tisa, ushindi tisa, hakuna sare. San Jose State 39–2. Pacific 47–14. Loyola, mechi ya mwisho, 20–2. Mkimbiaji wao Ollie Matson aliongoza nchi nzima kwa yadi 1,566 za kukimbia na mpira na tachidauni 21 (ndiyo magoli yao), na kule New York dhidi ya Fordham, mechi pekee iliyowatoa jasho (32–26), alidaka mipira miwili ya kuanzishia na kuibeba yote miwili hadi mwisho wa uwanja. Nyuma yake alikuwepo Burl Toler, mlinzi kutoka Memphis, ambaye wenzake wengine walikuwa wakisema ndiye bora kuliko wote kikosini. Matson na Toler walikuwa weusi. Ujumbe ukawafikia kwamba njia ya kusini, kwenye michezo ile ya mwaka mpya, ipo wazi kwa timu, ila si kwa hao wawili. Wenzao wakakataa. Gino Marchetti, mmoja wa waliokataa, alikuwa ametoka kupigana vita vya Ulaya akiwa kijana mdogo. Hakuwa mtu wa kutishwa na kamati.

Hapo ndipo mwezeshaji wetu alipofunga somo. Na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Kwa sababu hakuna kamati iliyosimama hadharani ikasema: hatutaki weusi. Waheshimiwa hawasemi hivyo. Walisema ratiba. Ndugu zangu, ratiba! Eti San Francisco walikuwa wamecheza na timu nyepesi. Orange Bowl ikawapa nafasi Georgia Tech na Baylor, Sugar Bowl ikawachukua Tennessee na Maryland, maisha yakaendelea.

Haya, nakubali kwa shingo upande: ratiba ile haikuwa ya kutisha. Mechi mbili walicheza na timu za wanajeshi, San Jose State walikutana nao mara mbili, na vigogo wa jirani, California na Stanford, mwaka ule hawakuwamo. Waandishi wa habari wenyewe waliwaweka nafasi ya 14. Georgia Tech nao walikuwa timu kweli, hawakuwa wamepoteza mechi. Yote sawa. Lakini nitazameni nilivyojikuta nafanya sasa hivi: natoa hesabu za ratiba! Natetea timu kwa kulinganisha wapinzani, kana kwamba swali lilikuwa la mpira. Hiyo ndiyo kazi ya kisingizio cha kistaarabu. Kina robo ya ukweli ndani yake, basi aliyedhulumiwa anaanza kujitetea kwenye ile robo, na aliyedhulumu anakaa pembeni anachochea kahawa. Mmewahi kuomba chumba cha kupanga mkaambiwa "kimeshachukuliwa", na wiki mbili baadaye kibao bado kinaning'inia mlangoni? Utabishana na nani? Kwa ushahidi gani? Kutukanwa usoni angalau kuna shahidi. "Ratiba yenu nyepesi" haina shahidi, haina kesi, haina hata mtu wa kumkasirikia.

Na kama walikuwa wepesi, basi wepesi ule ulikuwa wa ajabu. Kikosi kile kimoja kilitoa wachezaji tisa wa NFL, ligi yao kuu ya kulipwa. Watatu kati yao, Matson, Marchetti na Bob St. Clair, wako kwenye Jumba la Magwiji huko Canton, Ohio. Matson kiangazi kilichofuata alikwenda Olimpiki ya Helsinki akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti. Baadaye timu moja ya kulipwa ilitoa watu tisa kumpata yeye peke yake. Hata kijana aliyekuwa akiwaandikia taarifa kwa magazeti, Pete Rozelle, mwaka 1960 akawa kamishna wa NFL yote. Timu nyepesi hiyo.

Sasa sehemu ambayo haikuwekwa ukutani. Chuo kilikuwa na nakisi inayotajwa kuwa kama dola 70,000 kwa ajili ya mpira, na hela ya mwaka mpya ndiyo iliyotazamiwa kuziba. Haikuja. Msimu ukaisha, chuo kikafuta timu. Timu iliyokataa kuvunjika ikavunjwa. Mtu mzima anasimama mbele ya wafanyakazi waliocheleweshewa posho anawaambia kwamba umoja unalipa! Mfano aliouchagua yeye mwenyewe unasema umoja uliwagharimu kila kitu, na walioutoza hawakutoa hata senti.

(Mwaka 2006 chuo kikawapa walio hai shahada za heshima za udaktari. Hongera. Miaka 55 tu.)

Toler aliumia goti mwaka 1952 kwenye mchezo wa nyota wa vyuo, akamaliza kucheza kabla hajaanza kulipwa. Akawa mwalimu San Francisco, kisha mkuu wa shule. Mwaka 1965 NFL ikamchukua kuwa mwamuzi, mtu mweusi wa kwanza, na Januari 1980 akawa kati ya waamuzi wa Super Bowl, fainali ya NFL, katika uwanja wa Pasadena, uleule ambako timu yake ilicheza na Loyola mechi yake ya mwisho. Nchi nzima ikawa inasubiri kipenga cha mtu ambaye Miami hawakutaka hata ashuke kwenye basi.

Msidhani 1951 ulikuwa mwaka wa visingizio vya adabu peke yake. Oktoba hiyohiyo, huko Stillwater, Oklahoma, mkimbiaji mweusi wa Chuo Kikuu cha Drake, Johnny Bright, alipigwa kiwiko usoni mbali kabisa na mpira, taya likavunjika. Na bado akapiga pasi ya tachidauni na taya hilohilo. Wapiga picha wa gazeti la Des Moines walinasa tukio zima, hatua kwa hatua, picha zikachukua Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Bright akaenda zake Kanada, akacheza, naye akaishia kuwa mkuu wa shule. Chuo cha Stillwater, alikochezea aliyempiga, kiliomba radhi kwa barua mwaka 2005. Bright alikuwa amefariki tangu 1983, sijui barua ilitarajiwa isomwe na nani.

Ila aliyempiga Bright tunamjua. Ana jina, Wilbanks Smith, ana sura, yupo kwenye picha. Wajumbe wa kamati za mwaka mpya ni akina nani? Tunaweza kuwataja Matson, Toler, Marchetti, Kuharich. Tunawasimulia watoto. Waliokaa mezani tumewaacha waende nyumbani wakiwa "kamati", "waandaaji", "hali ya wakati ule". Mwezeshaji mwenyewe alisema "waliambiwa". Waliambiwa na nani, bwana? Nilinyoosha mkono niulize. Akasema maswali baada ya chakula cha mchana.