Mwenyekiti wa Wazazi Ameamka Mheshimiwa

Kuna posta imebandikwa kwa nguzo ya stima pale Outering hapa Nairobi, ukishukia upande wa Donholm lazima uione. Jamaa amecheka mpaka magego yako nje, suti ya bluu, imeandikwa MCA 2027, yaani anataka kuwa mwakilishi wa ward kwa bunge la kaunti, na hapo chini "Rafiki wa Elimu". Nikasema hebu ngoja, si huyu ni mwenyekiti wetu wa wazazi? Ndiye. Na nyuma yake kwa hiyo picha kuna madawati mapya yamepangwa vizuri. Hayo madawati tulichangishwa sisi, kila mzazi, na simu tulipigiwa kama watu wa kukopa mtandaoni. Leo yamekuwa maendeleo ya mtu mmoja.

Wacha niwape historia yake, najua hata nyinyi mko na mmoja kama huyu kwa shule yenu. Alianza kama mwakilishi wa darasa, Grade 3, na wakati huo alikuwa moto kweli. Vyoo vya wasichana vilikuwa vimeziba, akasumbua ofisi ya mwalimu mkuu kila asubuhi mpaka vikazibuliwa. Hiyo nampa. Sipendi kumpa lakini nampa. Halafu akawa mwenyekiti wa wazazi, na ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mwenyekiti wa wazazi anaingizwa kwa bodi ya shule, kwa hivyo mtu anatoka kuulizia vyoo vya Grade 3 anajipata meza moja na wawakilishi wa sponsa, kama kanisa linalofadhili shule, na mtu wa bodi ya elimu ya kaunti. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Ghafla hakuna matanga yanampita, hakuna harambee, kila mahali anasimamishwa asalimie watu, "tuko na mdau wa elimu hapa kati yetu", na yeye anainuka polepole akifunga kifungo cha koti.

Sasa mkidhani nimekasirika kwa sababu anataka kiti, hapana. Katiba inamruhusu, aende. Kinachonichoma ni vile alifika hapo, yaani huo uchaguzi wa kwanza, ule hakuna mtu anauita uchaguzi.

Mnaujua. Barua inasema mkutano wa wazazi ni saa tatu, unaanza saa tano. Maombi. Mwalimu mkuu anaongea nidhamu, anaongea sare, anaongea wazazi wenye hawaleti karatasi za kupiga chapa mitihani. Hesabu ya pesa inasomwa dakika mbili kutoka kwa karatasi moja ambayo iko na mtu mmoja. Jua limefika utosini, watoto wadogo wanalia, kuna mama amefunga kibanda chake cha mboga akidhani ni nusu saa. Sasa ndiyo inakuja "tuchague viongozi". Mmoja anasema napendekeza waendelee, wanajua kazi, mwingine wa pale nyuma anasekondi hata kabla jina halijatajwa, mikono inaenda juu, makofi, asanteni sana wazazi. Hakuna aliyehesabu mikono. Hakuna aliyeuliza kama kuna mwingine anataka. Kampeni ilifanyika usiku uliopita kwa grupu la WhatsApp, na nyingine nje ya geti, mama hawa na soda, wazee wale na mia mbili mbili.

Mwaka jana kuna shosho mmoja analea wajukuu wake peke yake, alisimama akauliza pesa ya lanchi ya term ya pili ilienda wapi kwa sababu watoto walikula wiki chache tu chakula kikaisha. Akajibiwa kwa heshima kubwa, "shosho, hiyo tutaiweka kwa AOB", yaani yale mengineyo ya mwisho wa mkutano. AOB ilipofika ikawa sala ya kufunga. Shosho bado amesimama na mkono juu.

Na hiyo bodi si ya kuchezea. Sheria inasema kazi yake ni pamoja na kupokea, kukusanya na kutoa hesabu ya pesa yote ya shule. Chukua kapitesheni, ile pesa serikali hutoa kwa kila mtoto, vile iko kwa karatasi, mtoto wa praimari 1,420 kwa mwaka, wa junia, yaani Grade 7 hadi 9, 15,042. Shule ikiwa na watoto 1,000 wa praimari na 400 wa junia, hiyo ni zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Sawa, huwa inachelewa na huwa haifiki yote, hiyo kila mtu anajua, lakini ndiyo maana tunaongezewa pesa ya mtihani, pesa ya mlinzi, pesa ya walimu wa BOM, wale wanaandikwa na bodi ya shule, pesa ya sijui nini. Watu wa kuangalia hizo shilingi ndio hao tunawachagua tukiangalia saa. Lakini mtu akitaka kuwa MCA tunajua alisoma wapi, bibi yake ni nani, gari alinunua lini, tunabishana mpaka kwa kinyozi. Kiti cha bodi kimekuwa stage, watu wanasimama pale wakingoja gari ya kwenda City Hall kwa bunge la kaunti, na hakuna wa kuwauliza mbona hujalipa nauli.

Halafu hiyo ahadi yake ya kujenga madarasa ya junia akichaguliwa, buda, kwani hujasoma Katiba? Kaunti imepewa chekechea, polytechniki za vijiji na vituo vya kulea watoto. Walimu wa praimari na junia ni wa TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu, na shule zao ziko chini ya serikali kuu. Mtu amekaa kwa bodi ya shule miaka hiyo yote na hajui shule ni ya nani? Anajua. Anajua sisi ndio hatujui. Nitakubali kitu kimoja, MCA anaweza kupigania bajeti ya vitu kama Dishi na County, mradi wa gavana wa Nairobi wa lanchi shuleni, ile ya mtoto kulipa shilingi 5 apate chakula, na hiyo imesaidia watu wengi tangu 2023. Lakini huyu wetu hiyo hata haiko kwa posta yake, labda kwa sababu ina jina la mtu mwingine tayari.

Posho za vikao siongelei leo. Na vile akina mama ndio hujaa kwa hiyo mikutano halafu mwenyekiti huwa mwanaume kila mwaka, hiyo nayo tutaiongea siku ingine nikiwa na nguvu.

Kwa hivyo mheshimiwa mtarajiwa, kwa sababu najua hii utatumiwa na yule msaidizi wako wa picha: kura yangu ya ward unaweza kuipata, siko mbali. Leta hesabu ya lanchi, term ya pili, pesa iliyoingia na iliyotoka, na risiti, uiweke kwa grupu ya wazazi wote waione. Na usiniambie nije inboksi.